Ubao Chini ya Pazia

Mama aliposhuka kwenye basi pale Gongoni alikuwa na mikoba miwili. Mmoja ulijaa pomoni: maharagwe, mahindi yaliyokobolewa, nguo zake na blanketi jipya la mjukuu. Wa pili ulikuwa mtupu, mkubwa kuliko ule wa kwanza, umekunjwa vizuri na kufungwa kamba. Sikumwuliza ulikuwa wa nini. Namjua mama yangu. Hawezi kutoka Kitui mpaka pwani na mkoba mtupu kwa bahati mbaya.

Alikuja kwa ajili ya ubatizo wa mwanangu Laban, mwezi wa Agosti mwaka wa themanini na sita. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Mimi alinieleza mengine jioni hiyo hiyo, Musyoka, mume wangu, akiwa bado kazini kwenye pampu za kampuni ya chumvi. Mama alisimama uani, mikono kiunoni, akaitazama Kombi yetu iliyokaa juu ya matofali bila injini.

"Hili ndilo gari tunalosikia habari zake?"

"Ndilo, mama."

"Ni banda zuri la kuku."

Kuku wa jirani yetu Kadzo alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva akitaga.

"Nisikilize, Nduku," mama akasema. "Jumapili mkinipeleka kanisani kwa gari hili, kama mumeo alivyomtangazia kila mtu, nitarudi kwangu peke yangu. Likibaki hapa na kuku wake, Jumatatu tutaondoka wote, wewe na mtoto, ukapumzike kidogo."

Kwetu, kupumzika kidogo kunaweza kuchukua miaka. Namjua mwanamke aliyekwenda kwao kupumzika kidogo, na watoto wake wakamalizia shule huko. Nami sikutaka kupumzika. Niseme wazi, kwa kuwa wakati ule sikuthubutu kumwambia mama: nilimpenda Musyoka. Nilimpenda na mafuta yake ya injini kwenye shuka, na misumari yake kwenye vikombe vya chai. Kasoro yake ilikuwa moja tu, hawezi kukiona kitu kimefungwa akakiacha. Hata siku ya harusi yetu, kipaza sauti cha kanisa kilipokoroma, alikifungua pale pale akiwa na suti yake, na mchungaji akamaliza ibada kwa kupiga kelele. Mama hakuisahau siku hiyo. Tangu hapo hakuwahi kulitaja jina la mume wangu. Alimwita "huyo wako", na hiyo ni siku akiwa na furaha.

Tena kulikuwa na jambo la mila. Sisi Wakamba tuna haya kati ya mtu na mama mkwe wake, tunaiita nthoni. Mkwe hamkazii macho mama wa mkewe, hamsogelei, hasemi naye ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Wengi siku hizi wameilegeza, hasa watu wa kanisa, lakini mama yangu hakulegeza kitu maishani mwake. Usiku alilala kwa Zipporah, mama mmoja wa kanisa aliyekaa nyumba ya pili, na mchana alishinda kwetu na mjukuu wake. Musyoka akirudi kazini alikohoa toka mbali. Mimi nikatangaza, mama akaingia sebuleni, pazia likashushwa, ndipo mwenye nyumba akaingia nyumbani kwake kwa mlango wa jikoni. Siku nzima nilikuwa askari wa barabarani, huyu simama, yule pita, na mtoto mgongoni.

Sasa nirudi kwenye gari. Kombi hiyo ilikuwa ya hoteli moja ya Malindi, ikibeba wageni, mpaka ilipozeeka ikauzwa, Musyoka akainunua. Kwa mwezi mmoja ilitubeba vizuri. Halafu ikaanza kukohoa, kisha ikagoma kabisa. Jumapili iliyotangulia Musyoka na rafiki yake Gerishom waliishusha injini kwa jeki, wakazifungua hedi zake mbili, vile vichwa vya injini vinavyokaa vali, na wakaona ugonjwa. Upepo wa Gongoni una chumvi ndani yake, na chumvi haibagui. Springi za vali zilikuwa zimeliwa na kutu, na moja ilikuwa imekatika.

Musyoka akapanda Malindi kwa Bi Gomti, mwenye duka la vipuri, akanunua springi mpya za vali zote nane. Bi Gomti alikuwa mwanamke mfupi wa Kihindi aliyejua kila kipuri kilipo dukani mwake bila kugeuka. Musyoka alimwuliza kama ana kile kibanio cha kutolea springi. Hakuwa nacho. Mafundi wa mjini waliokuwa nacho walikuwa na kazi mpaka mwisho wa mwezi.

"Ukikosa kibanio," Bi Gomti akamwambia, "tafuta kipande cha bomba, ukikate dirisha ubavuni. Tafuta ubao. Halafu tafuta mtu mtulivu. Bomba na ubao si kazi. Mtu mtulivu ndiyo kazi."

Musyoka alinisimulia hayo kwa furaha kubwa. Mimi nilijiuliza huyo mtu mtulivu tutamtoa wapi, maana katika nyumba ile si yeye, si mimi, na Laban alikuwa anaota meno.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya ubatizo, tulianza. Hedi ya kwanza Musyoka aliileta jikoni, kwa kuwa uani kulikuwa na mchanga na upepo, akailaza sakafuni na kuweka kigogo chini yake ili vali zisishuke. Alinieleza kazi kwa subira. Springi husukuma juu kisahani kidogo cha chuma, na kisahani hicho hushikwa kwenye shingo ya vali na vikabari viwili, kila kimoja kama punje ya mahindi iliyopasuliwa. Ukiibana springi ikashuka, vikabari hulegea, unavichomoa, kisha unaiachia springi polepole inatoka.

"Na ukiiachia haraka?" nikauliza.

"Usiiachie haraka."

Alijaribu kwanza kuibana kwa kifua chake. Mume wangu ni mwembamba kama ufito. Springi ilimtikisa kidogo, ikamrudisha. Hapo ndipo akaleta ule ubao mrefu wanaoukanyaga wafanyakazi wakivuka mabwawa ya chumvi. Jikoni kwetu kulikuwa na rafu ya saruji iliyojengewa ukutani, ya chini kabisa, tunayowekea sufuria. Ncha moja ya ubao akaipenyeza chini ya rafu hiyo. Katikati ubao ukalala juu ya bomba, na bomba likasimama juu ya springi. Ncha ya pili ilipita mlangoni, chini ya pazia, ikatokeza sebuleni. Ukiikandamiza ncha ile, springi inabanwa. Hata mimi nilielewa.

Ila Musyoka alihitajika jikoni kulishika bomba lisiyumbe, na mimi nilihitajika kupitisha vidole kwenye lile dirisha la bomba, maana vyake ni vinene. Nani basi angekaa kwenye ubao? Gerishom alikuwa zamu. Kadzo na nusu ya mtaa walikuwa kwenye kazi ya kupakia chumvi malori. Musyoka akafikiri kidogo, akatoka, akarudi na gunia la chumvi mgongoni.

Kabla hajaingia sebuleni ilibidi niitangaze safari yake. Mama alikuwa ameketi mkekani, uteo mapajani, akichambua maharagwe, Laban amelala kando yake. Akageukia ukutani akajifunika leso kichwani. Musyoka akapita na gunia, kichwa kimeinama, akaliweka kwenye ncha ya ubao, akakimbia kurudi jikoni.

Gunia lilikaa vizuri kwa muda wa kuvuta pumzi. Springi ikashuka. Niliviona vikabari vikilegea, nikakishika kimoja na kukitoa, nikacheka kwa furaha. Nadhani lile gunia lilisikia. Liliteleza likaanguka ubavu, likapasuka, ubao ukaruka, na springi ikatoka ndani ya bomba kama panzi. Ilipiga dari, ikapiga sufuria, ikaniangukia mguuni. Kikabari cha pili kilipotea.

Tulitafuta kwa magoti. Tukatafuta chini ya jiko, ndani ya debe la unga, kwenye viatu. Kikabari hicho hakikuwa na mwenzake wa akiba. Bila hicho hakuna vali, bila vali hakuna injini, na mimi niliuona ule mkoba mtupu kwa macho ya ndani, umejaa nguo zangu na nepi za mtoto. Nikaanza kulia. Musyoka naye aliketi sakafuni ananitazama, mikono yake myeusi haijui ishike nini.

Toka nyuma ya pazia mama akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Nduku."

"Naam, mama."

"Mwambie huyo wako hili si harage."

Mkono wake ukapenya ukingoni mwa pazia. Kwenye kiganja kulikuwa na kikabari. Kilikuwa kimeruka juu ya pazia au chini yake, sijui, kikaangukia katika uteo wake, naye akakiokota kama anavyookota jiwe kila siku ya maisha yake. Sijapata kumbusu mtu mkono kwa moyo kama nilivyoubusu ule.

"Na chumvi hii yote sakafuni ataifagia nani?" akaendelea. "Kitu chenyewe mnachotaka ni nini hasa? Tangu asubuhi nasikia bana, shika, achia. Mnachinja?"

Nikamweleza. Springi, bomba, ubao, na kwamba gunia halijui kukaa wala kuinuka.

Nikasikia maharagwe yakimwagwa kwenye sufuria, na uteo ukiwekwa chini.

"Anataka mtu wa kukaa na kuinuka," akasema. "Basi. Mimi nimekaa na kuinuka tangu kabla hajazaliwa."

Musyoka aliyasikia maneno hayo kama nilivyoyasikia mimi, maana pazia si ukuta. Alitikisa kichwa kwa nguvu. Akaninong'oneza kwamba haiwezekani, kwamba ni aibu, kwamba watu wakisikia amemfanya mama mkwe wake jiwe la mizani hatarudi kwao tena.

"Mwambie nimemsikia," mama akasema. "Na mwambie sikai kwa ajili yake. Nakaa kwa sababu nataka kuona mwisho wa jambo hili. Pazia litabaki chini. Yeye haji huku, mimi siji huko. Asinione, nisimwone. Wewe ndiwe utakayesema."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza upya. Ni lazima niseme kwamba mama yangu ni mtu mzito, na anajivunia uzito wake. Alipokaa kwenye ile ncha, ubao ulishuka taratibu, kwa heshima, na springi ikajikunja chini kama inaamkia wakubwa. Vikabari vikatoka vyote viwili bila ugomvi.

"Mwambie ainuke polepole," Musyoka akasema.

"Mama, inuka polepole."

Akainuka polepole. Springi ikapanda ndani ya bomba, ikasimama, nikaitoa kwa mkono. Musyoka aliitazama, akanitazama, akafumba macho kama anayeomba. Nikamkumbuka Bi Gomti. Mtu mtulivu alikuwa ameketi sebuleni kwangu wiki nzima, na sisi tukienda kutafuta magunia.

Tukaendelea. Mwambie akae. Mama, kaa. Mwambie asubiri. Mama, subiri. Mwambie kidogo tu. Mama, kidogo. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa, na bado kila neno lilipita kinywani mwangu kama barua inayopita posta. Kati ya springi na springi mama aliuliza maswali, mimi nikiyabeba. Mwulize injini ina hizi ngapi. Mwulize mbona chuma kinaoza. Mwulize kama pampu za chumvi nazo zina springi. Musyoka alijibu moja moja, mwanzoni kwa maneno mawili, kisha kwa hotuba, akisahau kwamba ni mimi ninayepaswa kuirudia, na mama kule nyuma akisema "mm" kabla sijafungua mdomo. Laban aliamka, mama akampakata pale pale kwenye ubao, na kila alipoambiwa akae au ainuke mtoto alicheka, akidhani mchezo ule umetengenezwa kwa ajili yake. Mimi nami nikacheka. Hata Musyoka alianza kuimba wimbo wa kanisa, chini chini.

Hedi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia, tukafika kwenye vali ya mwisho, ile yenye springi iliyokatika. Tuliiacha makusudi kwa sababu tuliiogopa. Musyoka akalisimamisha bomba kwa uangalifu. Nami nilikwisha kuwa fundi kichwani mwangu, kazi nzima nimeiona nyepesi.

"Mwambie akae."

"Mama, kaa."

Ubao ukaanza kushuka. Nikaona kile kipande kilichokatika kimechomoza pembeni, chini ya bomba, kinakwenda upande. Sikufikiri. Nilipeleka kidole kukirudisha ndani, na miduara ya springi ikafunga. Ikakibana kidole changu cha shahada kati ya chuma na chuma, na ubao ulikuwa bado unashuka, maana mama alikuwa anakaa vizuri, kwa utulivu, kama alivyoombwa.

Nilifungua mdomo niseme. Hakuna kilichotoka. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa watu wote katika nyumba ile, na mdomo ulikuwa umefungwa.

"Mama, simama!" Musyoka akapiga kelele. "Simama, mama, simama juu!"

Sijui mwanamke wa uzito ule aliwezaje, na mtoto mikononi, lakini alisimama kabla neno halijaisha. Ubao ukaruka. Kidole changu kikatoka.

Kidole kilikuwa na alama nyekundu mbili na kucha imeanza kuwa nyeusi, lakini kilikunjika na kunyooka. Musyoka alikishika kwa mikono yake miwili, akakigeuza, akakipuliza kama mtu anavyompulizia mtoto. Halafu nikaona uso wake unabadilika, kwa kuwa alikuwa amekumbuka. Alikuwa amemfokea mama mkwe wake. Hakumwambia tu neno, amemwamrisha asimame, kwa sauti iliyofika kwa Zipporah. Akaketi juu ya debe la unga akaziba uso, na alama za vidole vyake vya mafuta zikabaki kwenye paji.

Niliona ncha za miguu ya mama chini ya pazia, zimesimama pale pale. Nikajisemea, basi, imekwisha. Sasa atachukua mkoba.

"Kidole kipo?" mama akauliza.

Nilitaka kujibu, lakini kilio na kicheko vilikuja pamoja, nikashindwa.

"Nauliza, kidole cha mwanangu kipo?"

Musyoka akainua kichwa. Akanitazama nimsaidie, akaona sifai kitu.

"Kipo, mama," akasema. "Kimebanwa tu. Kipo."

"Haya."

Ubao ukalia taratibu. Alikuwa ameurudia tena, akangoja.

Ile springi ya mwisho tuliitoa huku kidole changu kimefungwa kitambaa chenye maji, nikatumia mkono wa kushoto. Mchana tukazitia zile mpya kwa njia ile ile, mama akikaa na kuinuka, mimi nikibeba maneno. Kila mmoja alijifanya kama lile neno halikusemwa. Jioni Gerishom akatoka zamu na vijana wa pampu, wakairudisha injini mahali pake. Musyoka akamtoa kuku wa Kadzo kwenye kiti, akaingia, akawasha. Kombi ikakohoa mara moja, ikatema moshi uliowafunika watu wote waliosimama nyuma, kisha ikanguruma. Nilitoka mbio na mtoto mgongoni nikaizunguka nikipiga vigelegele, kidole juu.

Jumapili tulikwenda kanisani Malindi kwa gari letu. Zipporah alikaa mbele kwa sababu ya magoti yake, Kadzo akaja na mayai yaliyotagwa humo humo, akisema ni nauli ya kuku. Mama alikaa nyuma kabisa, mgongo umenyooka, leso ya mauamaua imefungwa kati ya viti ili haya ibaki mahali pake. Tulipokaribia soko la Gongoni, watu wamejaa kando ya barabara, nikasikia akinigusa bega.

"Mwambie apige honi."

"Mama, hakuna mtu mbele."

"Si kwa aliye mbele. Kwa wanaotazama. Mwambie."

Nikamwambia. Akapiga honi toka pale mpaka daraja la Sabaki, na mama akitoa mkono dirishani kila penye watu, kama malkia. Kanisani Laban alimwagiwa maji akamkunjia mchungaji uso. Hakulia. Tulirudi salama, na njiani Kombi haikukohoa hata mara moja.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Zipporah kumsaidia mama kufunga vitu. Nilimkuta amekwisha kuutandaza ule mkoba mtupu kitandani, mdomo wazi.

"Mama, tulikwenda kwa gari. Ulisema tukienda kwa gari, utarudi peke yako."

"Nilisema." Akaketi kitandani, kitanda kikalia. "Nikwambie ukweli. Gari lingewaka au lisingewaka, nilikuja kukuchukua. Ningepata sababu nyingine. Wewe unanijua."

Nilimjua.

Akauvuta mkono wangu, akakitazama kidole, ile kucha nyeusi, akaigusa kwa dole gumba lake.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," akasema. "Sikukiona kidole. Sikujua hata kama kuna kidole. Nilichosikia ni mtu aliyesahau haya zake zote, mimi na mila na watu, kwa sababu unaumia. Sasa mtu kama huyo, nikutoe kwake nikupeleke kwa nani?"

Nikamlalia mapajani nikalia kama Laban. Akaniacha nilie, kisha akanipiga kibao kidogo cha mgongo.

"Inuka. Mpelekee mkoba huu anitilie chumvi. Ile ya mawe, si ya unga. Aujaze. Kitui nzima itajua nilikotoka."

Musyoka aliujaza mpaka ukawa na shingo fupi, akaushona mdomo kwa waya, akaubeba mwenyewe mpaka kituo cha basi. Mama alipokaribia, akaenda kusimama nyuma ya kibanda cha chai, kama inavyompasa. Mama akapanda basi. Utingo akaupandisha mkoba juu ya paa, akilalamika kwamba ndani mna mawe. Injini ya basi ikawaka, na kioo cha dirisha kikasukumwa pembeni.

"Musyoka," mama akaita.

Aliita kwa sauti, mbele ya abiria, muuza chai na mbuzi waliokuwapo. Musyoka akatoka nyuma ya kibanda akiwa na kikombe cha watu mkononi.

"Umeufunga vizuri? Chumvi isinimwagikie njiani."

"Nimeufunga, mama."

"Haya. Mtunze huyo wako."

Basi likaondoka na vumbi lake. Tulisimama pale mpaka likapotea, yeye na kikombe chake, mimi na mtoto wangu. Kisha Musyoka akanigeukia.

"Mama Laban," akasema. "Alisema nini?"

Alikuwa amesikia kila neno, na alijua kwamba najua amesikia. Lakini nilikuwa nimezoea kazi ile, na siku hiyo niliipenda. Nikamrudia yote, toka jina lake mpaka mwisho, na tulipofika nyumbani akaniomba nimrudie tena.